Sanduku la kijani kwenye mapango ya Karura: uchambuzi wa kisa kimoja

Sanduku hili la mchezo wa kusaka hazina lilitengenezwa Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaogonga masanduku ya wanafunzi wa bweni. Lilikuwa dogo, la kubebwa kwa mkono mmoja, na lilikuwa na kibano cha kukaza kifuniko ili maji yasiingie. Mwenyewe aliagiza lipakwe kijani cha jeshi. Ubavuni fundi akachapa kwa rangi nyeupe, kwa herufi zilizokatwa kwenye kadibodi: M.M. 1952. Ndani mlikuwa na daftari, kalamu, gololi, vibandiko, sarafu kuukuu na ganda tupu la risasi lililofanywa kishikizo cha funguo. Likasukumwa kwenye ufa wa jabali, hatua chache kutoka mapango ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni wa Waingereza, katika msitu wa Karura jijini Nairobi. Hakuna msaka hazina aliyewahi kulifungua. Waliolifungua ni askari wa zamu na mkubwa wake, baada ya njia ya kwenda pangoni kufungwa na wageni wote kurudishwa nyuma.

Mwenye sanduku ni kijana wa mtaa wa Zimmerman ambaye nimecheza naye mchezo huu kwa muda. Alikuja kwangu na swali moja: kosa lilikuwa wapi? Wenzetu walikuwa wamekwisha kumpa jibu, kwamba ni rangi. Mimi sikubaliani nao, na ndiyo sababu ya maandishi haya. Majina nimeyaacha, yeye mwenyewe ameridhia kisa kisimuliwe, na hakuna aliyefikishwa kortini.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, jiokashingi ni kusaka hazina kwa GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Mtu anaficha kopo lenye daftari, anaandika latitudo na longitudo za mahali pale, na wengine wanakwenda kulitafuta. Ukilipata unatia jina lako daftarini na kulirudisha ulipolitoa. Ukichukua kitu, acha kingine cha thamani hiyohiyo au zaidi. Mchezo ulizaliwa Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza nambari zake kwenye intaneti, na haikuchukua siku nyingi watu wakaifikia. Leo hazina ni mamilioni, ulimwengu mzima. Hapa kwetu ni chache, na nyingi zilifichwa na wageni wanaopita. Kijana wetu alitaka iwepo moja iliyowekwa na Mkenya, inayosimulia habari ya Wakenya. Nia hiyo siigusi, ni nzuri.

Wazo lilitoka mbali. Binamu yake ni muuguzi Melbourne, na siku za mapumziko huenda kusaka hazina kwenye mbuga za pwani. Alimtumia picha nyingi za Point Nepean, rasi iliyo kwenye mlango wa ghuba ya Port Phillip. Kule kuna ngome, mashimo ya mizinga na mahandaki yaliyochimbwa kulinda bandari. Tarehe 5 Agosti 1914, saa chache baada ya Uingereza kuingia vitani, mzinga wa ngome ile ulifyatuliwa mbele ya meli ya Wajerumani iitwayo Pfalz iliyokuwa ikijaribu kutoroka. Risasi hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kupigwa na upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mahali kama pale, ukiwa na simu mkononi na bahari mbele yako, mchezo unanoga kweli. Picha nyingine aliyotumiwa ilikuwa ya hazina ya kwingineko: sanduku la chuma la jeshi lililowahi kubebea risasi. Masanduku hayo yanapendwa sana na wachezaji wa Marekani na Australia kwa kuwa hayapitishi maji na yanadumu miaka.

Lakini kwenye picha za Point Nepean kulikuwa na kitu kingine, nami nimemwonyesha. Kando ya njia kuna vibao vinavyowaonya wageni wasitoke kwenye njia zilizowekewa alama, kwa sababu sehemu ya rasi ile ilikuwa uwanja wa jeshi wa kufanyia mazoezi ya kulenga shabaha na ardhini yamebaki mabomu ambayo hayajalipuka. Kumbe kwa wenzetu, kucheza kwenye ardhi ya vita kunaanza na kukubali kwamba kuna mahali mguu haukanyagi. Kijana alivuka na ngome na sanduku hadi Nairobi. Kile kibao alikiacha kulekule.

Sasa ruhusa. Kanuni ya mchezo haina utata: huweki hazina kwenye ardhi ya mtu au ya umma bila idhini ya mwenye mamlaka nayo, na unapoipeleka ikachapishwe kwenye tovuti ya mchezo, mkaguzi wa kujitolea anaweza kukuuliza ni nani aliyekuruhusu. Yeye alimuuliza mwongozaji mmoja wa watalii, mtu wa kuja na wageni wake na kuondoka nao, wala si mfanyakazi wa msitu. Mwongozaji akamjibu, “Weka tu bro, nani atajua?” Jibu hilo lingetosha kumshtua. Ruhusa inayotegemea mtu yeyote kutojua si ruhusa.

Karura nayo si kichaka cha kuokota. Ni msitu wa serikali uliotangazwa rasmi mwaka 1932, eka zaidi ya elfu mbili katikati ya jiji, unaosimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya pamoja na chama cha marafiki wa msitu. Mwisho wa miaka ya tisini uligawiwa vipande kwa watu wenye mkono mrefu, na tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale getini walipokwenda kupanda mti. Waliokuwepo enzi zile wanakumbuka kwamba wizi wa ardhi ulianza kwa vitu vidogo: kigingi hapa, alama ya rangi pale, bati moja. Kwa hiyo askari wa Karura akikuta kitu cha chuma kilichochomekwa mahali bila taarifa, hahitaji kuambiwa na mtu kwamba hilo ni jambo.

Siku yenyewe aliyeliona sanduku kwanza ni mtoto. Mama mmoja wa makamo alikuwa amewaleta wajukuu zake kuona pango. Mtoto akachungulia kwenye ufa, akaita, “Cucu, kuna sanduku la polisi!” Mama akawashika wote mikono, akarudi nao hadi kwa askari. Askari alikwenda, akaliangalia kwa mbali, hakuligusa. Akawaondoa watu, akasimama njiani mwenyewe na kuwaita wakubwa zake kwa redio.

Alifanya sawasawa kabisa. Nairobi ina 7 Agosti 1998, ina Westgate ya Septemba 2013 na Riverside ya Januari 2019, zote siku za mashambulizi ya magaidi. Kutoka Karura hadi Westgate ni mwendo mfupi wa bodaboda. Ukitaka kuingia supermarketi yoyote mjini, begi lako linafunguliwa na mtu wa makamo mwenye fimbo ya kugundua chuma, na hakuna anayelalamika. Katika jiji la namna hiyo, sanduku la chuma la kijani, lenye maandishi yasiyoeleweka, kwenye ufa, mahali pa umma, lisomwe vipi? Na si kwetu tu. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kikosi cha mabomu kilikilipua kikopo cha plastiki cha mchezo huuhuu kwa sababu mtu alionekana akichezacheza nacho karibu na mkahawa.

Kijana alikuwa ameandika barua ya kumweleza atakayelikuta kwa bahati. Ilikuwa barua nzuri yenye namba yake ya simu, ila aliiweka ndani, chini ya gololi, na kwa Kiingereza. Hiyo namba ndiyo iliyomfikisha getini jioni ile. Mazungumzo aliyonisimulia yalikuwa mafupi.

“Kijana, hii ni nini?”

“Ni mchezo tu, mkubwa.”

“Mchezo gani unafichwa kwa shimo?”

Alijaribu kueleza habari za setilaiti. Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka ganda la risasi mezani na kuuliza kama setilaiti nazo zinatumia hii. Hapo hakuwa na la kusema. Kanuni za mchezo zinakataza wazi silaha, risasi na vilipuzi ndani ya hazina, pamoja na chakula na pombe. Ganda lilikuwa tupu na limetobolewa, lakini anayelifungua sanduku kwa mkono unaotetemeka haanzi kukagua tundu.

Basi wenzetu wakakaa, wakahitimisha: tatizo ni rangi, ganda na ruhusa. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha vilivyo ndani, andika nje kwa Kiswahili kwamba ni mchezo, pata barua ya ofisi, rudi palepale. Ushauri huo ungefaa karibu popote pengine. Kopo la kuonekana ndani ni bora, maandishi ya nje ni lazima, na ningeongeza kwamba walinzi wa zamu wapewe picha ya kopo na walijue lilipo. Katika mji huu hazina inafichwa machoni mwa wapita njia, kamwe si machoni mwa wanaolinda. Ila pale pangoni, hata kopo la waridi lenye barua ya waziri nisingeliweka.

Sababu yangu ya kwanza ni ya vipimo. Mchezo huandika nambari hadi sehemu ya elfu ya dakika. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo sehemu hiyo moja ni kama mita 1.85, ukienda kaskazini au ukienda mashariki. Inasikika kama usahihi mkubwa. Lakini simu haina usahihi huo chini ya miti mirefu, ubavuni mwa bonde ambako mawimbi yanagonga mwamba kabla ya kukufikia. Kosa la mita 10 ni la kawaida kabisa. Yeye alipima mara moja tu, akiwa ameegemea jabali, na pini yake tulipoifungua kwenye ramani ilitua ng'ambo ya mto. Hilo linarekebishika kwa kupima mara kadhaa, siku tofauti, na kuchukua wastani. Kisichorekebishika ni hiki: kosa la mita 10 maana yake kila msakaji anayefika ana duara la mita za mraba zaidi ya 300 la kupekua. Anageuza mawe. Anaingiza mkono kwenye kila ufa. Anapanda ukingo, anateleza, anakamata mizizi. Kisha anakuja mwingine. Kwenye uwanja wenye nyasi haidhuru. Kwenye mdomo wa mapango ambayo watu walijifichia ili wasiuawe, kupekua huko ndiko kudhuru kwenyewe, hata kopo likiwa halionekani kabisa.

Sababu ya pili aliisema yule mama, na nimeshindwa kuitafutia maneno bora. Wakati sanduku linafunguliwa alikuwa bado yuko pale, amekaa kwenye benchi na wajukuu. Baba yake alikuwa mfungwa Manyani, kambi walikozuiliwa washukiwa wa Mau Mau. Alipooneshwa daftari na gololi alishusha pumzi kwanza, akacheka, halafu akasema, “Wenyewe walijificha hapa wasipatikane. Nyinyi mnaficha gololi ili zipatikane.”

Vita vya Mau Mau havijawa historia ya mbali kiasi cha kuchezewa kwa kuandika M.M. kwenye bati. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na ikadumu hadi Januari 1960. Tarehe 24 Aprili 1954 jiji hili lilizingirwa katika operesheni iliyoitwa Anvil, makumi ya maelfu wakakamatwa na kupakiwa kwenye malori. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipigwa risasi na kunaswa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku kisheria hadi 2003, miaka 40 ya uhuru! Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliodai fidia ya mateso mwaka 2013 tu, jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi wa wazee hao walikwenda kortini wakiwa na fimbo. Wapo bado majumbani Kiambu, Nyeri, Murang'a. Ngome ya Point Nepean ilifyatua mzinga mmoja mbele ya meli na meli ikasalimu amri. Ni kisa cha kusimulia watoto ukila sandwichi. Pango la Karura lina familia.

Kijana hakufurahi kusikia haya, na alikuwa na hoja. “Mkubwa,” akaniambia, “vijana wa rika langu wanafika pale, wanapiga selfi kwenye giza, wanaondoka. Hakuna anayesoma. Sanduku lingewafanya wasimame.” Ni kweli, nami nimeona. Hoja yake inahusu kusimama, hata hivyo, na kusimama hakuhitaji sanduku. Sanduku linamfanya mtu aangalie chini kwenye nyufa. Yeye alitaka waangalie pango.

Tukaanza upya kwa kuuliza mchezo unaruhusu nini pasipo kuacha kitu. Zipo hazina zisizo na kopo, lakini kwenye tovuti kubwa mtu haruhusiwi tena kujiundia tu. Nafasi hutolewa kwa wachache kwa vipindi. Ipo aina inayofundisha jiolojia, haina kopo pia, na miamba ya volkano ya Nairobi ingeifaa sana, ila hiyo ingegeuza pango kuwa somo la mawe, na habari ya watu ikapotea. Iliyobaki ni hazina ya vituo vingi: unapita mahali kadhaa, unakusanya tarakimu kwa kutazama, na kopo liko kituo cha mwisho tu.

Kituo cha kwanza kikawa sanamu ya Kimathi kwenye barabara inayobeba jina lake, katikati ya mji. Ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Msakaji anasimama kando ya barabara, hagusi kitu, hageuzi jiwe. Anachukua siku ya mwezi aliyonaswa, 21, anatoa siku aliyonyongwa, 18, anabaki na 3. Hiyo ni tarakimu moja ya latitudo. Cha pili kikawa mnara wa kumbukumbu ya wahanga wa mateso ya ukoloni ulioko Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015 kutokana na ile fidia. Kutoka mwaka wa hali ya hatari kutangazwa hadi mwaka wa kuondolewa ni miaka 8, tarakimu nyingine. Nilipenda hesabu hizi kwa sababu huwezi kuzifanya bila tarehe kukukaa kichwani. Tena mtu mwenye simu mkononi mbele ya mnara katikati ya mji hamtii askari yeyote wasiwasi, alimradi asianze kuzungukazunguka uzio wa ofisi za serikali.

Karura imebaki kwenye njia kama kituo kisicho na tarakimu. Msakaji anaombwa asimame njiani, atazame mdomo wa pango, aandike kwa sentensi yake mtu aliyekuwa ndani angemwona nani kwanza. Kanuni haziruhusu kumnyima mtu hazina kwa sababu hakujibu swali la namna hiyo, kwa hiyo ni la hiari. Wapo watakaoliruka. Barua ya kuomba idhini ya kulitaja pango imepelekwa ofisi ya msitu, na mpaka ijibiwe kituo hicho hakichapishwi.

Kopo lenyewe lilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Yeye alipendekeza kibanda cha rafiki yake cha chai na mandazi. Haiwezekani: mchezo haukubali hazina inayomlazimu mtu kuingia kwenye biashara na kuzungumza na muuzaji. Tukaenda kwenye maktaba moja ya mtaa huko Eastlands. Msimamizi wa maktaba alikuwa na masharti: liwe la kuonekana ndani, likae kwenye rafu mbele ya meza yake, na atakayekuja asalimie kwanza. Akauliza pia kama kopo linaweza kuwa na karatasi ya kusomea, akatupatia mwenyewe ukurasa wa habari za operesheni ya 1954, kwa kuwa baadhi ya waliokamatwa walitoka mitaa ileile inayomzunguka.

Sanduku la kijani lilirudishwa kwa mwenyewe bila ganda. Alilipeleka tena Kamukunji. Fundi akakwangua M.M. 1952, akalipaka samawati, na sasa dada yake mdogo analo bweni.

Hazina mpya imekwisha kupelekwa kwa mkaguzi. Amejibu, na hakuuliza habari za Mau Mau wala za mabomu. Ameuliza kijana akihama Nairobi, nani atabadilisha daftari likijaa. Msimamizi wa maktaba amekubali jina lake la mchezo liandikwe la pili, ingawa kabla ya hapo itabidi ajisajili, na bado tunamfundisha kutumia programu.